Ombi Kabla ya Amri

Katika Bahari ya Pasifiki, mashariki ya Ufilipino, iko nchi ndogo iitwayo Palau. Ina visiwa zaidi ya 300, vingi havikaliwi na mtu, na raia wake wote wakikusanyika hawajazi hata theluthi moja ya Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam. Mgeni akishuka kwenye ndege huko, hupanga foleni mbele ya afisa wa uhamiaji kama afanyavyo popote duniani. Hutoa pasipoti, hugongewa muhuri. Lakini muhuri wa Palau, wanangu, unajaza ukurasa mzima. Ndani yake mna ahadi, na mgeni hapiti mpaka aitie sahihi.

Ahadi hiyo haimtaji rais, wala waziri, wala mkuu wa polisi. Inawataja watoto wa Palau. Mtu mzima, huenda ni daktari, huenda ni jaji huko kwao, anashika kalamu na kuwaahidi watoto asiowajua kwamba amekuja kama mgeni wao, kwamba ataitunza nchi yao, kwamba hatachukua asichopewa wala kumdhuru kiumbe asiyemdhuru. Watoto wenyewe walishiriki kuyatunga maneno hayo. Yalianza kugongwa katika pasipoti Desemba 2017, na Palau ikawa nchi ya kwanza duniani kubadili sheria zake za uhamiaji kwa ajili ya kulinda mazingira.

Mtauliza: kwani watu wa Palau hawapendi wageni? Wanawapenda, tena wanawategemea kwa riziki. Mwaka 2015 walipokea watalii zaidi ya 150,000. Pigeni hesabu: kwa kila mwenyeji mmoja, wageni wanane. Wengi wao hawakuja na nia mbaya. Walikuja kuona matumbawe na samaki wa kila rangi. Sasa matumbawe, kwa asiyejua, si mawe. Ni makazi yaliyojengwa na wanyama wadogo sana kwa muda mrefu, na mengine hukua chini ya sentimita mbili kwa mwaka. Mgeni akisimama juu yake apumzike kidogo, au akiyapiga teke kwa pezi la mpira alilovaa mguuni, huvunja mara moja kitu kilichochukua miaka mingi kujengeka. Hakukusudia. Hata hajui kama amevunja. Huogelea kwenda zake, jioni akirudi hotelini anasifia uzuri wa bahari.

Tena liko ziwa. Kwenye kisiwa kimojawapo kuna ziwa la maji ya chumvi lililojaa yavuyavu wa rangi ya dhahabu, jamii ya wale wanyama laini ambao wavuvi wetu huwaepuka kwa sababu wanawasha. Wa ziwa lile hawawashi kiasi cha mtu kuhisi, na ndiyo maana wageni huogelea katikati yao. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaohitaji mwanga ili kutengeneza chakula. Kwa hiyo kila siku kundi zima huvuka ziwa likilifuata jua. Wageni nao, wakilikimbia jua hilo hilo, walijipaka mafuta ya kulinda ngozi kabla ya kuingia majini. Watafiti walipopima walikuta kemikali za mafuta hayo ndani ya maji na ndani ya miili ya yavuyavu wenyewe. Palau ikapiga marufuku mafuta yenye kemikali zinazodhuru matumbawe kuanzia tarehe 1 Januari 2020.

Wazee wa visiwa hivyo wana desturi ya kale iitwayo bul. Machifu wakiona samaki wamepungua mahali, hulifunga eneo hilo kwa muda, na hakuna anayetia ndoana mpaka lifunguliwe. Kati ya wenyeji, neno la chifu lilitosha. Lakini mgeni aliyetoka mbali hamjui chifu, wala hajui kuwa kuna neno lililosemwa. Ndipo ombi la wenyeji likaandikwa mahali ambapo mgeni hawezi kuliruka.

Nawaeleza haya kwa sababu kuna jambo ambalo wasafiri wengi, wakubwa kwa wadogo, hawalitambui. Mwenyeji huomba kwanza, kabla hajaamuru. Huomba kwa sauti ya chini, pengine kwa macho tu. Msafiri mwenye adabu ni yule anayelisikia ombi likiwa bado ni ombi.

Twendeni Australia, maana huko kisa hiki kilichukua miaka mingi zaidi, na kina mafunzo makali.

Katikati ya nchi hiyo, jangwani, umesimama mwamba mkubwa mwekundu uitwao Uluru, wenye kimo cha mita 348 kutoka usawa wa ardhi inayouzunguka. Kwa Waanangu, wenyeji wa eneo hilo tangu kale, mwamba ule ni mahali patakatifu, na njia waliyokuwa wakiipanda watalii inagusa mambo mazito ya dini na sheria zao. Wao wenyewe hawapandi ovyo. Tena kwa desturi yao, mwenyeji ana dhamana ya uhai wa mgeni. Zaidi ya watu 30 walifia pale kwa miaka mbalimbali, wengine kwa kuteleza, wengine moyo ukishindwa na joto na mwinuko. Kila kifo kiliwaletea Waanangu huzuni, kwa kuwa mtu amefia nyumbani mwao.

Mwaka 1964 ilifungwa minyororo ya kushikilia ili watalii wapande kwa urahisi. Mwaka 1985, tarehe 26 Oktoba, serikali ya Australia iliwarudishia Waanangu ardhi yao, nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 iendelee kuwa hifadhi ya taifa. Lakini kupanda kukaendelea. Waanangu hawakujenga ukuta. Chini ya mwamba wakaweka kibao kilichoeleza maana ya mahali pale na kuomba: tafadhali, msipande. Minyororo ilikuwepo, njia ilikuwa wazi. Mgeni alisoma, kisha akachagua mwenyewe.

Wengi walisoma wakapanda. Walikuwa wamelipa nauli kubwa, wamesafiri saa nyingi, na walitaka picha ya kileleni. Juu hapakuwa na choo. Aliyebanwa alijisaidia huko huko, na mvua iliponyesha uchafu ulitiririka hadi kwenye madimbwi ya chini ambamo wanyama hunywa maji.

Hata hivyo ombi lile halikupotea bure. Mwaka baada ya mwaka, waliopanda walipungua. Wakati fulani walikuwa wengi kuliko wasiopanda. Baadaye wakashuka hadi chini ya mgeni mmoja kati ya watano. Hapo, Novemba 2017, bodi ya hifadhi, ambayo wengi wa wajumbe wake ni Waanangu, iliamua kuifunga njia. Ilifungwa tarehe 26 Oktoba 2019, siku ile ile ya kumbukumbu ya kurudishiwa ardhi. Na katika miezi ya mwisho, watu walimiminika kuwahi kupanda kabla ya kufungwa, foleni ikaonekana kwa mbali mgongoni mwa mwamba.

Mimi nawaheshimu wale waliosoma kibao wakageuka wakati hakuna aliyewazuia. Tangu 2019, kutopanda ni kutii sheria tu. Kabla ya hapo kulikuwa ni adabu halisi, kwa sababu mtu angeweza kupanda na asipatwe na lolote.

Na kuna jambo jingine la Uluru ambalo wengi hawalijui. Ofisi ya hifadhi hupokea vifurushi vya posta kutoka nchi mbalimbali. Ndani mna mawe na mchanga ambao watalii waliuchukua kwa siri kama kumbukumbu, na mara nyingi huambatana na barua ya kuomba radhi. Wengine wanasema walipatwa na mikosi baada ya kuchukua. Wengine dhamiri iliwasuta tu. Tatizo ni kwamba wafanyakazi wa hifadhi hawawezi kujua kila jiwe lilitoka wapi hasa, kwa hiyo haliwezi kurudi mahali pake. Hata kutubu kunakuwa kazi ya mwenyeji.

Sasa turudi pwani kwetu, maana huku nasi ni wenyeji, na tunajua jinsi mwenyeji anavyonyamaza.

Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe. Anaonekana mara moja, hata kabla hajafungua kinywa. Tazameni Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Watu huishi mle: wanafua, wanapika, wanaswali, wanazika. Mgeni anatoka ufukweni na vazi la kuogelea, anapita nalo sokoni Darajani saa za adhuhuri, watu wakienda msikitini. Muuza viungo anamwona. Anainamisha macho kwenye mizani yake, anasema, "Karibu dada," anampimia karafuu, anampokea fedha. Hamwambii kitu. Kwetu, kumkemea mgeni mbele za watu ni aibu ya mwenyeji kuliko ya mgeni. Yule dada anaondoka akiamini kwamba hakuna aliyekwazika, kwa kuwa kila mtu alitabasamu. Hajui kwamba tabasamu lile lilikuwa stara.

Kwa hiyo hotelini na barabarani vikawekwa vibao vya kuwaomba wageni wajistiri wanapokuwa mjini na vijijini. Katika mwezi wa Ramadhani huongezwa ombi la kutokula na kunywa hadharani mchana. Wageni wengi wakielezwa huitikia vizuri, tena kwa furaha. Wananunua kanga dukani na kujifunga. Walichokosa ni maelezo, si moyo. Nalisema hili kwa mkazo, kwa kuwa wapo kati yetu wanaodhani kila mgeni aliyevaa vibaya amekuja kutudharau. Sivyo.

Upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kuna mashamba ambayo mgeni hayatambui kabisa. Maji yakitoka, vinaonekana vigingi vifupi vilivyochomekwa mchangani, vimeunganishwa kwa kamba, na kwenye kamba kumefungwa vishada vya mwani. Ni mali ya wanawake wa vijiji vile. Wanainama juani saa nyingi wakifunga, wakivuna, wakibeba mzigo uliolowa maji ya chumvi. Mgeni anaona bahari tupu na vijiti. Anakatiza katikati, anakanyaga kamba, kisha anainua simu na kumpiga picha mama aliyeinama bila hata kumwamkia. Yule mama ana haki ya kuamkiwa kwanza. Yuko kazini, sare yake ni kanga iliyolowa, na ofisi yake ni pale pale mgeni aliposimama.

Wenyeji wasiposikilizwa kwa muda mrefu, huchoka. Japani wamefika hapo. Katika mji wa Kyoto, mtaa wa Gion, wasichana wanaojifunza sanaa ya kale ya kucheza, kuimba na kuhudumia wageni hupita wakienda kazini. Baadhi yao ni wa umri wenu wa sekondari. Watalii waliwakimbiza wakiwa na simu, wakawazingira, wengine wakawavuta nguo. Kwanza wakazi walibandika maombi. Mwaka 2019 vikaja vibao vya kukataza kupiga picha katika vichochoro vya watu binafsi, na faini ya yeni 10,000. Mwaka 2024 baadhi ya vichochoro hivyo vikafungwa kwa watalii. Mwaka huo huo, katika mji wa Fujikawaguchiko, kulikuwa na duka ambalo Mlima Fuji ulionekana vizuri nyuma yake. Watalii walivuka barabara ovyo kutafuta picha, wakaacha takataka, wakaegesha magari pasiporuhusiwa, na wengine wakapanda hadi juu ya paa la zahanati ya meno iliyo jirani. Vibao viliwekwa, walinzi wakaletwa, haikusaidia. Mwezi Mei halmashauri ikatundika wavu mweusi wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5, kuuficha mlima usionekane kutoka pale. Fikirini mji mzima kulazimika kuuficha mlima wake wenyewe! Wavu huo uliondolewa Agosti kwa sababu ya kimbunga.

Lakini Wajapani hao hao wana kisa kingine, wakiwa wao ndio wageni, na hiki nakipenda zaidi.

Mwaka 1998, timu yao ilipocheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, huko Ufaransa, mashabiki wao walionekana baada ya mechi wakiokota taka jukwaani. Hawakuacha tangu hapo. Mwaka 2018 nchini Urusi, tarehe 2 Julai, Japani ilikuwa inaongoza mabao 2 kwa 0 dhidi ya Ubelgiji. Ubelgiji ikarudisha yote, kisha ikafunga la tatu dakika ya nyongeza, na Japani ikatolewa. Mashabiki walilia, nao huku wakilia wakatoa mifuko na kusafisha walipokaa. Wachezaji waliacha chumba cha kubadilishia nguo kikiwa safi kabisa, na karatasi yenye neno la shukrani kwa Kirusi. Kirusi, lugha ya wenyeji! Na Qatar mwaka 2022, mechi ya ufunguzi ilikuwa kati ya Qatar na Ecuador. Japani haikuwemo. Hata hivyo mashabiki wao walibaki nyuma wakaokota taka ambazo nyingi hazikuwa zao.

Na si Wajapani peke yao. Mwaka ule wa 2018, Senegal ilipoishinda Poland 2 kwa 1, mashabiki wa Senegal nao walibaki uwanjani wakasafisha upande wao, ngoma zikiwa pembeni. Hakuna aliyewaomba.

Wajapani wameipata wapi tabia hiyo? Shuleni. Katika shule nyingi za kwao wanafunzi husafisha wenyewe madarasa, korido, mara nyingi hata vyoo. Wengi wenu pia mnafagia uwanja na kudeki darasa asubuhi. Basi ufagio ule mnao tayari mikononi. Kilichobaki ni kuvuka nao mpaka.

Upo mwenyeji ambaye hawezi kuomba kabisa. Sokwe wakubwa wa milimani, wale wanaoitwa gorila, huishi katika milima ya Virunga iliyo mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, na katika msitu wa Bwindi huko Uganda. Mgeni anayekwenda kuwaona hukaa nao saa moja tu, katika kundi dogo la watu wasiozidi wanane, akisimama mbali nao angalau mita 7, na sehemu nyingine siku hizi mita 10. Mwenye mafua haruhusiwi kwenda, hata kama amelipa mamia ya dola. Gorila huambukizwa maradhi ya mapafu na binadamu, na mafua yanayokusumbua wewe siku tatu yanaweza kumuua mtoto wao. Hapo mtu hujitangaza mwenyewe kuwa anakohoa, au hunyamaza akaenda. Naona hakuna kipimo kigumu cha adabu kuliko hicho.

Nimekusudia kuwasimulia kisa kimoja cha mwisho, kwa sababu kinamhusu kijana wa umri wenu. Katika hekalu la Luxor nchini Misri, mtalii mmoja kijana alikwaruza jina lake juu ya mchoro uliochongwa ukutani maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 2013, mtalii mwingine kutoka nchi yake alipouona mwandiko huo aliona haya, akaupiga picha na kuiweka mtandaoni. Wazazi wa kijana waliomba radhi hadharani, wakasema wamekosa katika malezi. Walifanya vema. Lakini wakati huo huo maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kumsaka yule mtoto, wakatangaza jina lake na shule yake, wakamtukana. Hilo silikubali. Aliyekosa alistahili kuonywa na kufundishwa. Umati wa watu wazima kumwinda mtoto mmoja ni utovu wa adabu mkubwa kuliko ule mkwaruzo, na wala haukulitengeneza hekalu.

Wengi wenu mtasafiri mapema kuliko mnavyodhani. Shule itawapeleka Bagamoyo, Kilwa Kisiwani, Fort Jesus. Mjomba atawaita Muscat, au timu itacheza Kampala. Basi kabla ya kufunga begi, ulizeni sheria za mnakokwenda: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019, na msafiri hukutana na katazo hilo mpakani. Mkifika, amkieni kwanza. Jifunzeni salamu ya pale, hata kama mtaitamka vibaya. Mkitaka picha ya mtu, mwombeni. Akikataa, rudisheni simu mfukoni na mumshukuru kama aliyekubali. Magofu msiyaandike, na kipande cha kigae au cha tumbawe kiacheni kilipo. Msipojua jambo, mwulizeni mwenyeji mkiwa faraghani, kwa kuwa mbele za watu atawaambia hakuna tatizo. Na mkienda Paje maji yakiwa yametoka, piteni pembeni ya vigingi. Hilo ni shamba la mtu.